Msiba wa Kibanja

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona, tulieni. Mimi si mhubiri. Nimeitwa niseme jinsi kibanja chetu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilivyokufa na kilivyofufuka, na nitasema upesi kwa sababu ndizi ziko jikoni.

Mvua ile wengi mnaikumbuka. Ilinyesha mpaka mlima ulio juu ya nyumba yetu ukaporomoka. Tulitoka salama, watoto wote na mbuzi mmoja, namshukuru Mungu. Lakini kibanja alichotuachia baba mkwe, ndimo alimozikwa, kilifunikwa na mawe, na migomba na mibuni yote ikafukiwa humo. Kaburi lake tulilitambua kwa ncha ya msalaba.

Ndugu zangu, mnajua sisi tulivyo. Majirani walikuja kama msibani, huyu na mkungu, yule na maharage, wakakaa kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni wakalia kweli. Walipoondoka tukaondoa mawe, tukapanda migomba upya haraka haraka. Masika yaliyofuata maji yakashuka na matope, yakazoa yote. Majirani wakaja tena na mikungu yao.

Safari hiyo mume wangu hakukaa na wageni. Alivaa shati la kutokea, akasema anakwenda Nkwenda, kuna mtu anatafuta mahali pa kuchimba kokoto, amuuzie kibanja. Nikamuuliza, "Na baba tunamwacha na nani?" Akaendelea kufunga vifungo. Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo.

Ndipo mama mkwe akasimama. Mnamjua, hajui kupamba maneno. Akawaambia wageni, "Pole zenu tumezishiba. Kila kiangazi tunauchoma mlima ili ng'ombe wapate nyasi changa, halafu mvua ikija tunalia. Maji yashikwe na nini pale juu? Kesho anayetaka kulia aje na jembe." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, vua hilo shati."

Akavua. Msicheke, yuko hapa.

Kesho yake walikuja. Tulichimba mitaro ya kukinga maji ikiukata mlima kwa upana, kingoni tukapanda matete, juu zaidi miti. Moto tukaupiga marufuku. Wenye ng'ombe walinung'unika, lakini matete yalipokua ndio waliokuwa wa kwanza kuja na mapanga kukatia ng'ombe wao malisho. Siku hizo mkono wa pole haukuwa mkungu tena, ulikuwa kapu la samadi na chipukizi la mgomba. Mama mkwe alikaa njiani akikagua makapu, na ole wako uje na majivu chini, samadi juu.

Nawaambia ukweli, haikuwa kazi ya msimu mmoja. Watoto niliowabeba siku ile sasa wamenipita kimo. Kuna miaka nilinunua ndizi sokoni, mimi mke wa kibanja, huku nimejifunika kanga usoni. Lakini migomba ilinenepa, kahawa ikazaa, chemchemi ya bondeni ikarudi. Mwaka huu mvua ilipokuwa kubwa nilisimama mlangoni nikiutazama mlima. Maji yakashuka mlimani taratibu, safi, bila matope. Nililia hadi wanangu wakadhani naumwa.

Majirani wa Nyakakika, na ninyi mliotoka Chonyonyo na machipukizi kichwani, siwataji majina, ila moyoni mmejaa. Asanteni sana. Mwenzenu akipatwa, mpeni pole, kisha muulizeni maji yanatokea wapi, mpande naye huko.

Juzi mama mkwe alinishika mkono, tukapita kwenye migomba hadi kwa mumewe. Akagonga fimbo kando ya kaburi. "Mimi mtaniweka hapa," akasema. "Lakini msiwe na haraka, nataka kwanza nione kahawa ya mwaka huu."