Mawe Kumi na Mawili ya Mectilda

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi shangazi yenu wa redioni. Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa Letisia, mdogo wake marehemu. Aliniambia Jumapili iliyopita, mchana, jikoni kwa marehemu kule Tumati, siku ya tatu baada ya mazishi. Sikuongeza kitu. Kama kuna neno kali, ni lao. Na kama mimi nimelifurahia, hilo ni langu.

Leo tunamkumbuka Mectilda. Mectilda wa Tumati, mama aliyetafsiri tivii.

Aliishia darasa la tatu. Kiswahili hakukipata shuleni, alikipata jikoni, kwenye mashamba ya ngano karibu na Basotu, akiwapikia vibarua wa kila kabila. Miaka kumi na moja aliwapikia. Akarudi Tumati na Kiswahili chake, akaolewa, akazaa mtoto mmoja. Clement.

Clement alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Alizikwa ukingoni mwa shamba, kando ya ua wa minyaa. Mectilda akashuka mtoni kuchukua mawe ya kupanga juu ya kaburi. Alibeba moja moja mgongoni. Kumi na mawili. Shikeni hesabu hiyo, wasikilizaji. Mawe kumi na mawili, na la mwisho lilikuwa dogo, jeusi, lenye mstari mweupe katikati. Clement alikuwa akilichezea akiwa hai. Aliliita ng'ombe wake.

Miaka mingi ikapita. Ng'ambo ya ile minyaa akaja mwalimu Godlisten, amehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, na mkewe Rogathe, yaani Mama Eva. Wakanunua kiwanja, wakajenga. Mwezi wa kujenga, Mectilda alikuwa Basotu akimuuguza huyu Letisia. Aliporudi, kaburi lilikuwa udongo mtupu, kuku wanaparua. Mawe yamejengewa ngazi ya mlangoni kwa Rogathe.

Akaenda. Rogathe akampokea vizuri. "Shikamoo, bibi." Shikamoo yake ilikuwa nzuri, wasikilizaji, hilo halikataliwi.

"Marahaba. Mama Eva, yale mawe ni ya mtoto wangu."

"Jamani bibi, mafundi ndio walioyaokota. Mawe ni mawe. Si yamejaa kila mahali huku kwenu?"

Mawe ni mawe. Mectilda akageuka akaenda nyumbani. Hakupiga kelele. Letisia anasema, "Dada hakuwa mtu wa kelele. Dada alikuwa mtu wa kungoja."

Sasa, kwa Rogathe kulikuwa na sola, na king'amuzi, na tivii kubwa kama meza. Pale kitongojini ilikuwa hiyo tu. Na Rogathe alikuwa mpweke, mumewe jioni anasahihisha madaftari. Akawakaribisha wazee wa kike waje kutazama. Walikuja wanne, na mkubwa wao alikuwa Marieta, mwenye goti bovu. Lakini tamthilia ni za nje, zimewekewa Kiswahili cha mbio. Wazee wale Kiiraqw, lugha ya huku, ndicho wanachokisikia sawasawa. Wakamwambia Rogathe, muite Mectilda atutafsirie.

Rogathe akamwita. Na Mectilda akaja. Alikanyaga ile ngazi mara moja tu, siku hiyo ya kwanza. Baada ya hapo aliiruka.

Rogathe alikuwa amekaa Tumati miaka miwili. Kiiraqw hakujua hata neno la kuomba maji. Hilo ndilo kosa lake la pili.

Saa moja jioni ilianza tamthilia. Kulikuwa na mwanamke tajiri, Zamara, amemfukuza dada yake kwenye nyumba ya baba yao. Ndivyo ilivyosema tivii. Mectilda akatafsiri: "Mwanamke huyu ameiba mawe kwenye kaburi la mtoto. Amejengea ngazi. Sasa tumbo limeanza kumuuma." Zamara alipovaa hereni mbele ya kioo, Mectilda akasema, "Anatazama meno yake. Yanatoka."

Saa moja na nusu vilikuja vichekesho. Mwanamume amejificha ndani ya pipa la maji asionekane na mama mkwe. Rogathe anacheka mpaka anashika mbavu. Mectilda akatafsiri: "Huyu ni mtoto mdogo. Anatafuta mawe yake mpaka ndani ya maji. Ana baridi." Wale wazee wakafuta machozi.

Rogathe akashangaa. "Mbona hamcheki?"

Marieta akajibu kwa Kiswahili chake cha shida: "Tunacheka ndani, mama."

Msidhani wazee wale walidanganyika. Jioni ya tatu walishajua kila kitu, nao walimjua Clement. Wakaanza na wao kuiruka ile ngazi. Wazee wanne, magoti mabovu, wanapandisha shuka wanaruka kama mbuzi. Rogathe akauliza kama ngazi ina utelezi. Wakamwambia ni nzuri sana.

Kila jioni Mectilda alimuua Zamara. Siku moja kwa kichaa, siku nyingine kwa kiu, siku nyingine kwa ng'ombe. Kesho yake anaamka, anauawa tena. Wazee waliomba. "Leo mfanye azame," mmoja alisema. Akazama.

Ikafika sehemu ya mwisho. Zamara ametubu, anaolewa na daktari. Gauni jeupe, maua, kanisa limejaa, ndugu wanalia kwa furaha. Rogathe naye akapiga vigelegele palepale kwenye kochi.

Mectilda akasema kwa Kiiraqw, taratibu: "Anazikwa. Maua hayo ni ya kaburi lake. Hakuna hata jiwe moja la kumwekea."

Marieta akaangua kilio. Kilio cha msiba, wasikilizaji, kile chenyewe, na mikono kichwani. Wenzake wakapokea. Rogathe akakatisha kigelegele. "Kuna nini? Kwani si harusi?"

Marieta akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole, Mama Eva. Pole sana. Umekufa vibaya."

Hapo Rogathe akamtazama Mectilda. "Bibi, umekuwa ukiwaambia nini?"

Mectilda akamjibu kwa Kiswahili, yote, toka mwanzo. Hakuacha kitu. Kisha akasema, "Nimekuua mara thelathini hapa sebuleni kwako, ukinipa na chai. Jumatatu inaanza tamthilia nyingine. Nitaanza upya. Mimi nina muda."

"Kwa nini hukuniambia kama inakuuma hivyo?"

"Nilikuambia. Ulinijibu mawe ni mawe."

Asubuhi mwalimu Godlisten alichukua mtaimbo, akaing'oa ngazi mwenyewe, hana shati, watu wanapita wanatazama. Mawe yakarudi kaburini. Mectilda akayahesabu kwa mkono. Kumi na moja. Lile dogo halikuwepo. Rogathe akaapa kwamba hajaliona.

Asante Mectilda hakusema. Letisia alimwuliza, dada, hujamsamehe? Akajibu, "Likifika la kumi na mbili, niulize tena."

Hakuulizwa. Mwalimu alihamishwa Basotu na familia yake. Na miezi miwili iliyopita Letisia, ambaye anaishi hukohuko, aliingia kwa Rogathe kuomba maji ya kunywa. Juu ya kifuniko cha pipa kulikuwa na jiwe dogo, jeusi, lenye mstari mweupe katikati. Akampigia dada yake simu. Dada akasema, "Aa. Kumbe alilipenda." Akakata. Wiki sita baadaye akafariki, akiwa bado anangoja.

Tunawapa pole Letisia, Marieta na wazee wenzake, na ukoo wote wa Tumati. Mectilda amelala karibu na mwanawe. Wewe unayenisikiliza, leo kabla ya kuingia ndani, tazama unachokanyaga mlangoni kwako. Jiulize kilitoka wapi, na nani anajua.

Na wewe, Mama Eva wa Basotu, jina lako nimelitaja kwa makusudi. Ng'ombe wa Clement yuko juu ya pipa lako. Mlete.

Letisia ndiye aliyeniagiza. Hakuwa amelala tangu siku ya msiba, macho mekundu, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Aliniambia, "Lisemwe redioni. Na lisemwe kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa."

Nikamwambia litasemwa.

"Kweli, shangazi?"

"Kweli."

Akaegemea ukuta wa jiko. Nikakitoa kikombe mkononi mwake, maana alikuwa ameshalala.