Kikombe Kisichochoma Mdomo

Gari la Kitale lilipokaribia Chwele, Mukami alimwona Nelima, jirani wa kiti asiyemjua, akijimiminia chai ya moto kwenye kikombe cha plastiki.

“Mama, plastiki na moto ni kansa!”

“Si kwa matanga tunakunywanga nayo? Ama Bungoma yote itakufa?” Nelima alicheka, kisha akatulia. “Mzee wangu alipenda chai ikichemka. Kikombe cha bati kilimchoma mdomo, nikamnunulia cha plastiki. Kansa ya koo ikammaliza. Sasa ni mimi nilimuua?”

“Pole, mama. Mimi nilisikia tu kwa redio.”

Nyuma yao Jotham, mwalimu wa kemia, alijua kuwa moto wa chai ndio unaoshukiwa zaidi, si plastiki. Alijua pia ni kikombe gani kilichomwezesha marehemu kuinywa ikichemka. Akageukia dirisha.

Gari liliposimama, Nelima alishuka polepole, kama mtu anayengoja kujibiwa.