Kibao cha Taa Nne

Dada zangu wajane wenzangu, Waislamu na Wakristo, mmeniambia nisimame, nimesimama. Nikilia katikati mnivumilie; nitamaliza.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio jeshini. Mwaka wa sabini na tisa, serikali yetu ilipoanguka vitani, alitutanguliza mimi na binti yetu hapa Koboko. "Nendeni, nakuja nyuma," alisema. Hakuja. Mpaka leo sijui amelala wapi. Vita ilipotufuata, tulivuka mpaka kwenda Zaire kwa miguu, mtoto mgongoni, vifaa vya baba yake kichwani. Kule fundi mmoja Mkongo akanifundisha kutengeneza redio, na redio zikatulisha.

Kisha surua ikaingia katika kambi yetu ya wakimbizi. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Aliumwa siku nne. Ya tano nikamzika katika kitenge changu, kwa sababu sanda haikupatikana.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilikunywa. Sisi wakimbizi tuliporudi nyumbani, nilikuwa nakunywa waragi, ile pombe kali, kabla ya chai. Nikaharibu redio za watu, wateja wakaniacha. Nyinyi mlionipita nimelala barabarani, sina hasira nanyi.

Miaka ya tisini akaja kwangu mwalimu kutoka Arua, akitafuta fundi wa redio. Alifundisha somo la kompyuta, lakini shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na siku nyingi umeme haukuwapo. Akanionyesha mchoro.

"Mama, nataka kitu kidogo, kibao mwanafunzi anashika na mkono. Swichi iko hapa, taa nne iko hapa. Waya iko ya kuchomoa, anapanga vile anataka. Hapo anaona vile kompyuta inafikiri."

"Mwalimu, angalia mkono yangu."

Aliiangalia ikitetemeka. Akaniachia mchoro na balbu za tochi.

Nilijaribu siku hiyo hiyo. Risasi iliyoyeyuka, ile ya kuunganishia waya, ikanidondokea gotini, balbu mbili zikavunjika. Nikatupa kila kitu chini, na nikajisikia nikiita jina la binti yangu kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimzike. Jirani yangu akasikia, akaingia.

"Dada, pombe iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaimwaga yote. Akakaa nami siku tisa. Nilitapika, nilimtukana hadi mama yake. Hakuondoka.

Mwezi ukapita, kibao cha kwanza kikawaka. Nilikipeleka Arua mwenyewe. Msichana mmoja darasani akapanga waya: taa ikakataa kuwaka mpaka swichi mbili zibonyezwe pamoja. Akachomoa, akapanga upya: sasa hata moja ikatosha. Akapiga kelele, "Mwalimu, iko inafikiri!"

Nikatoka nje, nikashika ukuta. Binti yangu angekuwa mkubwa kama yeye.

Huzuni sijapona, nisiwadanganye. Lakini nimetengeneza vibao vya darasa zima, na pombe sijaigusa tena. Namshukuru mwalimu yule, aliyeiona mikono hii na bado akaniachia kazi. Namshukuru jirani yangu. Ameketi hapa, hataki nimtaje.

Aliyeanguka amekwisha kusikia mashauri ya kutosha, dada zangu. Mpeni kazi inayomngoja, kisha mkae naye mpaka aiweze. Kama yuko mmoja nyumbani kwenu, mkitoka hapa msipitie sokoni. Nendeni kwake.