Ahmada Anaziweka Bongo Chini

Baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Bwana Ahmada Khatibu, mwalimu wa ngoma za bongo katika kituo chetu cha muziki hapa Moseley, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2008. Nasema rasmi kwa sababu barua ya kustaafu alishaiandika mara mbili, na mara zote mbili akaja kwangu, mimi Sikuzani wa usajili, kuichukua. Safari hii nimeifungia kabatini!

Alianza mwaka 1984 kama mtunza stoo ya vyombo. Kwao Unguja alikuwa akipiga bongo kwenye kikundi cha taarab, na son, muziki wa dansi wa Kuba, aliijua kwa santuri tu. Mwalimu wa son alipohama, mwaka 1989, wanafunzi walimkuta Ahmada stoo, zile ngoma mbili ndogo amezibana magotini, dume kushoto, jike kulia, anapiga huku macho kayafumba. Wakamtoa humo wakampeleka darasani moja kwa moja. Stoo haijapangika tena tangu siku hiyo.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa Castle Vale, na afadhali nilisimulie mimi kabla ya Baldev, mpiga besi wetu, ambaye hutia chumvi. Katika son, mpiga bongo ana kazi mbili. Wimbo unapoanza anapiga ngoma. Kiitikio kikishapamba moto anaziweka chini, anachukua kengele ya chuma na kuigonga ili watu wacheze. Ahmada alinogewa na ngoma hata kengele akaisahau. Waitikiaji wakarudia mara tisa wakimsubiri. Baldev akaisukuma kengele kwa mguu, ikabiringika hadi kwa wachezaji, na bwana mmoja akaiokota akaenda nayo nyumbani.

Aibu ile ndiyo iliyozaa mtindo wake wa kufundisha. Kwa Ahmada, wiki tatu za mwanzo hupigi bongo. Unajifunza kuziweka chini na kushika kengele bila kupoteza pigo hata moja: weka, shika, weka, shika, mpaka magoti yanauma. Malalamiko niliyoyapokea kuhusu wiki hizo tatu yanajaza droo. Waliovumilia leo wanapiga kwenye bendi kila pembe ya jiji.

Kilichomfanya azifuate barua zake ni hofu moja. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinakakamaa, ndiyo maana alitaka kustaafu, naye akatuficha. Lakini aliamini akiondoka yeye darasa litakufa, maana hakumwona mtu aliye tayari kulishika. Nilimtajia Najmo, dereva wa basi aliyekulia Garissa, mwanafunzi wake kwa miaka sita. Akasema bado. Mwaka uliofuata nikamtajia tena, akasema bado vilevile.

Kisha ikaja Machi, Sutton Coldfield, ukumbi umejaa pomoni. Katikati ya wimbo mkono ukagoma. Zamu ya kengele ilikuwa inakaribia, na Ahmada hakuweza hata kukunja vidole. Nilikuwa nyuma yake na marakasi zangu, manyanga ninayotikisa kwenye bendi, nikaona yote. Najmo, aliyekuwa na waitikiaji, akapiga hatua moja, akainama, akaokota kengele, na pigo la kwanza likaangukia mahali pake hasa! Ukumbi mzima ukainuka kucheza. Hakuna aliyegundua kitu ila sisi. Ahmada alikaa na bongo magotini akilia waziwazi, na mimi sikujizuia.

Ahmada alipomuuliza baadaye amewezaje, Najmo alishangaa: "Mwalimu, si ni wewe ulini-train? Three weeks nzima, weka, shika!" Jumatatu, saa tatu asubuhi, barua ya tatu ilikuwa mezani kwangu.

Darasa la son la Septemba litafundishwa na Najmo, na limeshajaa, wanafunzi kumi na watano. Jina la mwisho liliandikwa jana, kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda: Ahmada Khatibu, mwanafunzi mpya, kuimba.

Ahsante kwa kila pigo, Bwana Ahmada. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya furaha pamoja na wanao. Ila darasani ufike mapema. Mwalimu wako hapendi wachelewaji.

Sikuzani, Ofisi ya Usajili