Gentrix Khalayi Andati Hakuuawa na Farasi

Marehemu Gentrix Khalayi Andati alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2003, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, katika zahanati iliyo kilomita mbili kutoka hapa tulipoketi, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Andati Shikanga na mama yetu Rispah, wala hakuzaliwa tarehe 4 kama ilivyochapishwa katika programu mliyopewa langoni. Mimi ni Sylvia, mdogo wake wa pekee, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika chuo kikuu mjini Kakamega, na nimepewa kipaza sauti kwa niaba ya familia. Programu hiyo ina makosa saba, sita ni ya tarehe na majina, hayo nimeyasamehe, lakini la saba liko ukurasa wa tatu, linasema kwamba marehemu alifariki kutokana na majeraha ya farasi, na kwa ajili ya sentensi hiyo moja wamo wanaume watano katika hema hili waliokuja na kamba na mapanga, wanangoja kaburi lifunikwe ili wakamuue farasi wake. Kwa hiyo nitasoma polepole, na wenye haraka nawaomba wavumilie.

Baba yetu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka kumi na tisa katika shamba moja upande wa Molo, na aliporudi nyumbani kabisa, siku ya Jumamosi tarehe 16 Agosti 2014, saa tisa na dakika ishirini alasiri, alirudi juu ya lori la ng'ombe akiwa na farasi jike wa kijivu, mwenye umri wa miaka minne, aliyetolewa na mwenye shamba kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka. Tulimwita Simiti kwa rangi yake. Baba mkubwa, Mzee Elkanah Wanzala, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimzunguka mnyama huyo mara mbili, akasema, "Andati, wenzako wanarudinga na mabati, wewe umerudi na hii? Itakulanga kama ng'ombe tatu na maziwa haitoi." Gentrix, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akamjibu, "Si nitakuwa namkatia nyasi mimi, baba mkubwa, wewe utakatia hizo zako," na watu wakacheka, na nadhani baba mkubwa hajausahau mcheko ule hadi leo.

Alisoma katika shule ya msingi ya hapa kwetu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2017 na kupata alama 352, akaitwa shule ya bweni, akakataa kwenda, akachagua shule ya kutwa iliyo kilomita tano kutoka hapa ili aweze kumnywesha Simiti asubuhi na jioni, na kwa kuwa Korona ilivuruga kalenda alimaliza kidato cha nne mwezi Machi 2022, kwa gredi ya C+. Walimu wake wako hapa, wanajua kwamba wawili kati yao walimwambia mbele ya darasa kwamba farasi ni kitu cha wazungu, na wanajua pia ni nani aliyekuja baadaye kuomba apigwe picha naye.

Baba alimfundisha kuanguka kabla ya kumfundisha kupanda, achilia hatamu, jikunje kama kifaranga, viringika mbali na kwato, mara thelathini kutoka juu ya pipa hadi kwenye maganda ya miwa, ndipo akamweka mgongoni mwa Simiti. Viunzi vyao vya kuruka vilikuwa mapipa ya mafuta na miti ya mikaratusi, walivipanga kwenye ule ukanda wa nyasi kati ya mashamba ya miwa, na kila trekta la miwa lilipotokea mimi nilipuliza filimbi, wao wakavibeba pembeni, trekta likapita, wakavirudisha na kupima upya kwa kamba ya fundi, sentimita sitini, kisha themanini, kisha mita moja. Kwa kuwa Simiti hakuona kushoto, Gentrix alijifunza kumleta kwenye kiunzi kwa kumpinda shingo kidogo kushoto, ili jicho zima la kulia likione, na kabla ya kila mashindano aliukagua uwanja kwa miguu akihesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi, kwa sauti, hata wapandaji wengine wakamdhania anasali. Kila siku aliyopanda aliiandika katika daftari, tarehe, muda, urefu wa viunzi, na mara alizoanguka, na daftari hilo ninalo hapa mkononi.

Maneno aliyoyasikia ni mengi, nitataja machache, kwa sababu wenyewe mko hapa. Akina mama wa kikundi walimuuliza kisimani ataolewa na nani, au farasi ndiye atakayeleta mahari. Mwaka 2018 Mzee Elkanah alimwita mbele ya wazee, akamwambia, "Msichana hakalinge hivyo, miguu huku na huku, kizazi kitaharibika," naye akamuuliza, "Na nikipanda boda boda, baba mkubwa, nikae upande kama mzigo wa kuni?" Alichapwa kwa jibu hilo. Jioni hiyo aliandika katika daftari, dakika arobaini, sentimita themanini, hakuna kuanguka.

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa karibu na Eldoret, Jumamosi tarehe 15 Juni 2019, alipanda kwa gambuti za shambani na tandiko la kuazima, akawa wa nne, na wa kwanza alikuwa Chepkemoi, binti wa Nandi, ambaye alimfuata baada ya zawadi kutolewa, akamwambia, "Wewe, farasi yako ni kipofu na bado umenipumulia shingoni. Mwaka ujao nitajificha wapi?" Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Baba alifariki tarehe 19 Julai 2020, na mbele yangu na mama alimwachia Gentrix farasi kwa mdomo wake mwenyewe, ingawa katika kikao cha jana nimeambiwa hakuna aliyesikia. Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2023, jijini Nairobi, Gentrix na Simiti waliruka viunzi kumi na viwili vya mita moja na sentimita kumi bila kuangusha hata kimoja, wakawa wa kwanza, na aliporudi na utepe wake, kutoka ukoo huu mzima, mtu aliyekuja kumpongeza alikuwa mmoja, naye alikuwa amekuja kuazima toroli.

Kuhusu ndoa, programu imeruka, mimi sitaruka. Mwezi Februari 2024 alikuja mwalimu George na wazazi wake, watu wazuri, wakakaribishwa kwa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wakasema wako tayari kwa kila kitu ila farasi aondoke kwanza, na Gentrix akauliza kama George naye ataacha pikipiki yake, wakaaga. Hakuolewa, hakupata mtoto, na hakuna daktari yeyote aliyewahi kusema kizazi chake kilikuwa na kasoro. Alihitimu stashahada ya afya ya mifugo mwezi Desemba 2024, akaajiriwa na chama cha ushirika cha maziwa tarehe 3 Februari 2025, na ng'ombe wa wengi wenu mlioko hapa waliponea mikononi mwake.

Sasa nafika kwenye ukurasa wa tatu. Ni lazima kwanza niseme jambo lililotuponza sote. Tarehe 22 Agosti 2021 Gentrix alianguka, akavunjika mtulinga, akatuficha kwa siku tisa, akisema amelala vibaya, kwa hofu kwamba tungemnyang'anya farasi, na tangu hapo, kila alipoumwa, hata jino, nyumba nzima ilimuuliza, "Umeanguka wapi?" na kila alipokana, hakuna aliyemwamini.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nane mchana, akiwa kazini, alishikwa na maumivu kitovuni, hadi jioni yalikuwa yameshuka upande wa kulia, akawa anatapika. Daftari linaonyesha kwamba mara ya mwisho kupanda ilikuwa Jumapili tarehe 2, dakika ishirini na tano, hakuna kuanguka, na kwamba baada ya hapo Simiti hakupandwa kwa sababu alikuwa amepoteza kiatu cha chuma cha mguu wa mbele. Ijumaa asubuhi mama alitaka kumpeleka hospitali, Mzee Elkanah akakataa, akasema, "Huyo ametikiswa na farasi, matumbo yamehama, hospitali watampasua bure, apelekwe kwa mkandaji." Saa saba na dakika kumi mchana Gentrix alinipigia simu, akasema, "Sylvia, waambie. Sikuanguka. Ni tumbo tu, si Simiti." Nikamjibu, na sauti yangu ninaikumbuka, "Hata ule mtulinga ulisema hukuanguka. Fanya vile baba mkubwa amesema, mimi nina mtihani saa nane." Nilikata simu. Nikaenda kufanya mtihani.

Mkandaji alimkanda tumbo kwa mafuta kwa dakika arobaini, na ghafla maumivu yakapoa, watu wakapiga vigelegele, Mzee Elkanah akashukuriwa, chai ikapikwa. Daktari alinieleza baadaye, akinichorea kwenye karatasi, kwamba maumivu ya kidole tumbo hupoa hivyo pale kinapopasuka. Jumamosi alishikwa na homa, mkasema ni uchovu, mkamwombea. Jumapili tarehe 9, saa nne asubuhi, Elvis, mwendesha boda boda wa kituo chetu, aliingia bomani bila kuitwa, akamtazama mara moja, akasema, "Mama, hii si ya maombi peke yake, funga leso twende," akamchukua yeye na mama hadi hospitalini Kakamega bila kumuuliza mwenyekiti yeyote. Alipasuliwa saa tisa alasiri, usaha ulikuwa umejaa tumbo zima, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba, saa kumi na dakika thelathini na tano alasiri, mama akiwa amemshika mkono. Karatasi ya daktari inasema kidole tumbo kilichopasuka na uchafu kusambaa tumboni. Haisemi teke, haisemi kuanguka, na haina neno farasi popote, nimeisoma mara kumi na nne.

Waliomuua dada yangu ni sisi tuliomjibu kabla hajamaliza kusema, Mzee Elkanah wa kwanza, mimi wa pili, na waliopiga vigelegele wafuate kwa mpangilio wanaoutaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliofanya mengi wakiwa wameletewa mgonjwa aliyecheleweshwa siku tatu, inamshukuru Elvis, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa ushirika waliokaa na mama wodini kwa zamu, inawashukuru majirani walioleta kuni, maji na unga, na hata wale waliokuja wiki hii kumchungulia Simiti kupitia uzio na kunong'ona, tunawashukuru kwa kuja, njia mnaijua.

Jana, Ijumaa tarehe 21 Novemba, saa nane mchana, kilikaa kikao cha ukoo, watu kumi na tisa, mwanamke mmoja, ambaye ni mimi, kwa sababu ninajua kuandika haraka. Ilisemwa kwamba kitu kilichoua mtu hakilali tena bomani, ng'ombe dume akiua huchinjwa, mti ukiangukia mtu hukatwa na kung'olewa mizizi, na kwamba farasi atauawa mara tu udongo utakapofunika kaburi, ndipo ukoo uwe safi. Mila hiyo ninaiheshimu. Nilisimama nikasema haimhusu asiyeua, nikaonyesha karatasi ya daktari, Mzee Elkanah akasema, "Karatasi ni ya wazungu, wewe andika tunavyosema," nami nikaandika walivyosema, kwa usahihi, na majina yao kumi na nane, na nakala mnaweza kuiona kwa chifu.

Asubuhi iliyofuata, yaani leo, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, wakati wanaume wakisimamisha hema hili na akina mama wakiwasha moto, nilikwenda zizini, mimi ambaye kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kumgusa mnyama huyo kwa hofu, nikamvalisha hatamu vibaya, nikazivua, nikamvalisha tena, nikasimama upande wake wa kulia ili anione, tukapita katikati ya miwa kilomita nne hadi barabara kuu, penye mizani ya miwa, ambapo Chepkemoi alikuwa akingoja na lori tangu alfajiri. Simiti hakutaka kupanda ubao, nilimsukuma kwa bega, nililia, Chepkemoi akaniambia, "Usimsukume, mhesabie hatua kama Gentrix," nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akapanda. Mlango wa lori ulifungwa saa moja na dakika kumi na mbili. Nilirudi kwa miguu, nikanawa mikono, nikavaa nguo hii.

Lala salama, Gentrix wetu.