Mama Aliogopa Nywele Zangu Nyekundu

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, na tena sifa! Mimi naitwa Furaha, nina miaka ishirini na moja, naishi Schaerbeek, hapa Brussels, na mama yangu. Shule sikusoma sana, lakini ndoto ninazo: siku moja nitafungua saluni yangu pale mtaa wa Flagey, amina! Leo nawasimulia habari za nywele zangu mwenyewe.

Nilizaliwa na nywele nyekundu na madoadoa ya kahawia usoni kote, kutoka puani mpaka masikioni. Wazazi wangu ni weusi wote wawili, watu wa Bukavu. Daktari alisema ndivyo nilivyoumbwa, si njaa. Lakini kwetu Kivu, mtoto akiwa na nywele nyekundu watu wanasema ni bwaki, ule ugonjwa wa njaa unaovimbisha miguu. Donc hata hapa Brussels, ibada ikiisha, wamama walimcheka mama: "Maman Furaha, mutoto iko na bwaki huku Bulaya? Frigo yenu iko na chakula kweli?"

Nilipofika miaka sita mama akaanza kunipaka nywele rangi nyeusi. Kila baada ya wiki mbili, bafuni, kichwa chini, macho yakiniwaka. Madoadoa akayafunika kwa poda nzito. Picha zangu za utoto akazichana. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kuchekacheka, lakini kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye yale maji ya rangi nilijiuliza kama mama ananipenda.

Mwaka jana rangi ikaniunguza. Uso ulivimba mpaka macho yakafumba, pumzi ikanikatika, nikabebwa hospitali. Daktari akatuambia sote wawili: rangi hii tena, atakufa. Bon, miezi miwili baadaye, kesho yake ikiwa harusi ya binamu yangu kule Berchem, mama akaja na chupa mpya. "Mara moja tu, Furaha. Watu watakuwa wengi."

Niliingia bafuni nikapiga magoti. Nikasema, Yesu, kama mama yangu hanitaki, nionyeshe leo, nijue. Na shetani naye alikuwa pale pale akiniambia, paka tu, umalize yote. Nikatoka nikamwuliza: "Maman, weye unanichukia juu ya nini?"

Chupa ikamtoka mkononi. Akakaa sakafuni.

"Siyo weye," akasema. "Ni Mugisho."

Sikumjua Mugisho. Alikuwa kaka yangu! Alizaliwa kabla yangu, wakati wazazi wangu walikuwa kambini, wakimbizi, chakula hakuna. "Nywele yake ilianza kugeuka nyekundu," mama akasema. "Kila asubuhi nilikuwa ninamupaka makaa ya kusaga. Nilifikiri ikibakia nyeusi, hatakufa. Alikufa na kichwa cheusi. Weye ukazaliwa, nikaona ile rangi. Nikasema, Mungu, tena?"

Ndugu zangu! Miaka yote hiyo mama alikuwa anapigania uhai wangu, na karibu aniue! Tulilia pale sakafuni mpaka sauti zikakauka.

Asubuhi alichukua mkasi, akakata nywele zote nyeusi, zikabaki zile nyekundu fupi. Harusini mama mkubwa, dada yake, akaninong'oneza, "Si ungefunga kitambaa?" Mama akasikia. "Kama inakuchoma macho, angalia bibi harusi!"

Siwadanganyi, kuna siku bado anageuza uso nikitoka kuoga. Lakini mimi niko hai, na Bwana wangu nitamshukuru mpaka mwisho! Na wewe unayemficha mtoto wako, mwambie Yesu jina la yule unayemlilia. Alinisikia mimi, msichana wa bafuni. Wewe atakuacha vipi?

Mugisho hakuwahi kuwekewa matanga. Jumamosi hii tunamwekea, nyumbani kwetu. Wamama mliocheka, njooni pia, chai itakuwepo. Mama amesema atatueleza Mugisho alikuwa anacheka namna gani.