Jina la Arobaini Kwenye Daftari

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, familia inawasalimu na kuwashukuru kwa kuja, na inawaomba mvumilie, kwa sababu historia hii marehemu aliiagiza mwenyewe akiwa kitandani, akasema isomwe yote, na binti yake wa pili, ambaye ndiye anayeisoma, alitaka kuipunguza mahali fulani akakatazwa na mama yake.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Hatulii bila hata kujua kwamba ana jina jingine, alizaliwa tarehe 4 Juni 1936, akiwa mtoto wa nne wa mkulima wa tumbaku, na inasemekana alianza kutembea akiwa na miezi minane, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mpaka mwisho wa jambo lolote. Alianza shule Januari 1946, akasoma miaka minne, akapata mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, lakini mwalimu huyo alimwandikia baba yake kwamba mtoto akili anazo, ila darasani anakaa kama aliyekalia upupu, basi mwaka 1950 akarudi nyumbani kufunga majani ya tumbaku.

Tarehe 2 Machi 1953 aliajiriwa kuwa tarishi wa ofisi ya wilaya, kazi iliyomfaa mno, maana alilipwa kwa kutotulia. Julai 1956 alipeleka barua misheni, ng'ambo ya mto, akaambiwa asubiri majibu, na kwa kuwa kusubiri hakukuwa fani yake, alizunguka majengo yote hadi akafika kwenye dirisha la kanisa, akasikiliza wee, akarudi nyumbani na majibu ya barua kwenye mfuko mmoja, na kitabu kidogo cha maswali na majibu ya imani kwenye mfuko wa pili.

Usharika huu ulianzia hapo, si penginepo, na wanaosema ulianza siku lilipojengwa jengo la matofali wasamehewe. Ulianzia kwenye banda la baba yake la kukaushia tumbaku, lenye nguzo nyeusi kwa moshi na vumbi la majani yaliyosagika, ambamo watu kumi na mmoja walikaa juu ya magunia wakajifunza kusali kwa kupiga chafya, na marehemu, aliyekuwa amewatangulia kurasa mbili tu kwenye kile kitabu, aliwafundisha huku akitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Aprili 1957 dada yake mkubwa, aliyekuwa akivuka mto kwenda ibada misheni na mtoto mgongoni, alichukuliwa na maji, yeye na mtoto, na baada ya msiba huo marehemu alishikilia jambo moja tu, kwamba mtu wa huku asivuke tena mto kumtafuta Mungu. Misheni walimjibu kwamba kwa utaratibu wao, penye watu wazima arobaini waliobatizwa huwa usharika, na mchungaji huwafuata huko huko kila mwezi, na pasipofika arobaini, watu huvuka.

Alihangaika mwaka mzima na nusu. Alitafuta watu mashambani, sokoni na vilabuni, akawafundisha hadi wakatimia thelathini na tisa, na yeye mwenyewe wa arobaini, akayaandika majina yote daftarini kwa mkono wake, lake likiwa la mwisho kwa sababu ndiye angewaita wenzake. Jumapili tarehe 21 Septemba 1958 mchungaji alifika mtoni kwa baiskeli, wingu likiwa limeshafunga, na kazi ikaenda vizuri hadi jina la thelathini na tisa, bibi mmoja mfinyanzi, ambaye alipoyaona yale maji alimkumbuka yule dada aliyechukuliwa na maji, akakaa chini na kusema, "Mimi siingii, niacheni na dhambi zangu." Marehemu alimbembeleza, akambeba mgongoni, akamwingiza majini, akabatizwa, akambeba tena hadi juu ya ukingo kumfunika blanketi kwa kuwa alitetemeka mno, na huku nyuma mvua ikashuka, mchungaji akauliza kama wote wameisha, mtu akajibu wote, na marehemu aliposhuka mbio alikuta mchungaji ameshashika usukani wa baiskeli, akampa mkono na kumwambia, "Hongera, mwalimu, arobaini kamili, tayari nyinyi ni usharika."

Marehemu alisema kwamba hapo alifungua kinywa, akakifunga. Alijiambia kwamba akisema wako thelathini na tisa, watu watavuka mto tena, na masika hayako mbali, na kwamba mwezi ujao mchungaji akija atamnong'oneza. Mwezi uliofuata vyeti arobaini vya ubatizo vilifika kwa posta, na kwa kuwa tarishi alikuwa ni yeye, alizunguka akivigawa nyumba kwa nyumba, cha mwisho akajipelekea mwenyewe, na kufikia hapo alikuwa ameshachaguliwa mzee wa kanisa wa kwanza, na jambo la kunong'ona likawa halinong'oneki.

Tarehe 9 Januari 1960 alifunga ndoa na mkewe, ambaye yuko hapa mbele yenu, aliyekuwa jina la kumi na mbili siku ile ya mto, na walijaliwa watoto watano, mmoja akatangulia. Mwaka 1962 aliacha utarishi akawa mkulima na mwinjilisti wa kujitolea, akafungua mitaa mitatu ya usharika katika vijiji vya jirani, akafundisha madarasa ya ubatizo hamsini na sita, na kila palipokuwa na Meza ya Bwana yeye ndiye aliyetandika kitambaa, akapanga vikombe, kisha akaenda kusimama mlangoni kuzuia mbuzi. Mlisema ni unyenyekevu. Mkewe alimuuliza mara moja, mwaka 1961, mbona wewe huli, akajibiwa, "Nimeshiba," na yule mama, kwa kumstahi mumewe, hakurudia swali hilo.

Hakushiba, ndugu zangu. Mwaka 1974, Agosti, alitembea siku tatu hadi kanisa asikojulikana, akiwa amepanga kujipenyeza kati ya wanafunzi wa ubatizo kama mtu mgeni, na alipofika mlangoni mwinjilisti wa huko akamkumbatia, akampigia makofi mbele ya watu akitangaza kwamba mwalimu mashuhuri ametutembelea, wakampa mahubiri, naye akahubiri dakika arobaini na tano na kurudi nyumbani mkavu vilevile. Alikuwa na msemo wake kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilikuwa ndefu kama ya tarishi, na sisi wanawe tulicheka tukidhani ni utani wa kazini.

Novemba 2018 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, ikagundulika ni moyo, akalazwa hospitali ya wilaya, wodi namba tatu, na Jumatatu tarehe 11 Machi 2019 akatuita, akatueleza haya yote bila kupumzika, kisha akauliza kama tumekasirika. Tuseme ukweli, tulikasirika, hasa mimi, kwa sababu baba huyu alinitoa darasani kwake mwaka 1983 kwa sababu nilisema uongo mdogo kuhusu kazi ya nyumbani. Jumanne alikuja mchungaji wetu, kijana ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha, akataka kumbatiza pale pale kitandani, marehemu akakataa, akasema aliwadanganya watu mtoni mchana kweupe, hatajificha chini ya blanketi la serikali, wakaafikiana kwamba Jumapili tarehe 17 atabebwa hadi mtoni, mbele ya wote.

Ijumaa tarehe 15, saa moja asubuhi, pumzi ilikata ghafla, ikarudi kidogo, na mama yetu, akijua kwamba Jumapili haitafika, alichukua kikombe cha maji ya kumezea dawa, kwa sababu swali la thelathini na moja la kitabu kile linauliza ni nani awezaye kubatiza pale kifo kinapokaribia, na jibu, alilofundishwa na mume huyo huyo katika banda la tumbaku, ni Mkristo yeyote. Alipoinua kikombe, marehemu aliinua kidole, akamzuia, na kwa sauti ya kukwaruza akamkumbusha kwamba ameruka swali la kwanza. Mama akashusha kikombe, akamuuliza kama anataka kubatizwa, akajibu, "Nataka," akambatiza, muuguzi akiwa ameshika kichwa, na binti anayesoma akiwa shahidi. Mchungaji alipigiwa simu aje na mkate na divai, akaja kwa pikipiki, akafika saa tatu kasoro robo, na baba yetu alikuwa amefariki saa mbili na nusu, bila kuionja Meza aliyoitandika miaka sitini, na hilo linatuuma, wala hatutalificha.

Juzi baraza la wazee lilikaa kuamua kama atazikwa na kanisa, na walikuwapo waliosema kwamba cheti ni cha uongo, na ubatizo wa kikombe hauna mchungaji, mpaka mama aliposimama akawaambia, "Mimi ndiye niliyembatiza, kama hamniamini mimi, basi fungueni daftari mfute na jina langu, maana tulifundishwa na mtu mmoja." Hakuna aliyefungua daftari la kufuta. Lilifunguliwa la kuandika, na mchungaji ameandika jina la marehemu kwenye mstari wa mwisho, namba elfu moja mia nane arobaini na sita, na penye nafasi ya aliyebatiza, ambapo tangu mwanzo wa usharika huu zimejaa sahihi za wachungaji, ameandika jina la mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa yule aliyeshika kichwa, majirani waliopokezana kumbeba hadi barabarani, wainjilisti wenzake wa mitaa yote mitatu, na wazee wa baraza, wote, pamoja na waliopinga, kwa kuwa walipinga kwa kanuni alizowafundisha mwenyewe. Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na wanane na vitukuu saba, na aliagiza kwamba mwisho tumwombee msamaha kwenu, nasi tunauomba.

Umebatizwa, baba, na leo watu wote wamesikia, pumzika kwa amani.